Wiki Tatu Ng'ambo ya Mto Tana

Safari tuliyoikusudia tangu kuoana kwetu ilikuwa ya Malaysia. Akiba tuliiweka miaka tisa, ikaliwa na karo ya watoto, na kilichosalia kikatosha kutufikisha Garissa na kukaa huko wiki tatu. Likizo ya Disemba tuliwaacha watoto Mombasa kwa bibi yao, tukatoka wawili kwa mara ya kwanza.

Mama hakuridhia. Kwake yeye, Garissa ni tarehe 2 Aprili 2015, siku walipouawa watu 148 katika chuo kikuu. Hatukuwa na la kumjibu, kwani hofu hiyo nasi tulikuwa nayo vifuani.

Barabara hupitia Malindi, Garsen na Hola, na mto Tana huwa mkono wa kulia. Mara nyingi hauonekani. Hujulikana kwa mstari wa miti ya kijani katika nchi ya vichaka vikavu. Kabla ya daraja la kuingia mjini tuliteremshwa sote kuonyesha vitambulisho. Akina mama wa Kisomali tuliosafiri nao walihojiwa kwa muda mrefu. Sisi tuliruhusiwa mara moja, tukaona haya kuketi garini kuwangoja.

Tulipanga chumba kwa mama mmoja mchuuzi wa maziwa ya ngamia. Kila alfajiri, baada ya sala, mitungi ililetwa kutoka malishoni, naye huyaonja maziwa ya kila mtungi kabla ya kuyapokea. Yana harufu ya moshi, kwani vyombo hufukizwa kwa vijinga ili maziwa yasiharibike upesi katika joto lile. Yaliyogandishwa wao huyaita suusac. Mmoja wetu hakuyaweza hata siku ya mwisho. Jioni alitufundisha kupika nyirinyiri: nyama ya ngamia hukatwa vipande vidogo mno, hukaangwa hadi ikauke kabisa, kisha huhifadhiwa ndani ya mafuta yake. Hukaa miezi bila friji. Kukata tu kulitumalizia saa mbili, na bado akatuambia vipande vyetu ni vikubwa.

Tulikwenda Bour-Algi kuwatazama twiga, na soko la mifugo tukalipita mbio kwa sababu ya vumbi. Kusini, upande wa Ijara, hifadhi ya Ishaqbini inalindwa na wenyeji wenyewe kwa ajili ya hirola, paa mwenye alama nyeupe machoni mithili ya miwani, ambaye idadi yake duniani inakadiriwa kuwa chini ya mia tano. Tuliwaona watatu, kwa mbali.

Siku moja tulipita na mwenyeji wetu mbele ya lango la chuo. Hatukupiga picha. Alisema wanafunzi walikuwa wateja wake, baadhi yao akiwajua kwa majina, na kwamba kwa muda mrefu baada ya siku ile alikuwa akichukua mitungi ya ziada kwa mazoea, kisha akirudi nayo imejaa.

Tulirudi na kopo la nyirinyiri. Mama alionja kipande kimoja, akanyamaza, kisha akatuuliza mara mbili jina la mwenyeji wetu, ili amtaje katika dua.