Mnazi wa Uani Kabla ya Harusi

Mnatuuliza sana kuhusu singo na maturubai. Leo tuzungumze miti, maana harusi nyingi tunazifanyia nyumbani na nyua zetu zimejaa minazi.

Sisi tulikuwa na mmoja uliolalia jiko la uani, mizizi ya upande mmoja imeshatoka nje. Bibi hakutaka kusikia habari ya kuukata. Ulipandwa alipozaliwa mama yetu, na kitovu chake kimezikwa hapo. Tukamwambia, "Bibi, siku ya harusi wapishi wa pilau watakaa chini yake, na watoto." Akanyamaza siku mbili. Ya tatu akasema kuondoa udhia njiani ni katika matawi ya imani, seuze uani. Ila nazi ya mbegu achague mwenyewe.

Kijana wa kwanza alikuja na shoka, akataka kuukata shinani na watu 4 wauvute kwa kamba. Bei yake ilikuwa nzuri, lakini tulimshukuru akaenda zake. Mnazi uliolala huelemea kule kule ulikolalia, na watu 4 hawauwezi.

Mkwezi tuliyemkubali alianza kwa kuligonga shina kwa mgongo wa panga, akisikiliza. Lingelia kama lina uwazi ndani, asingepanda. Alipofika juu alifunga kamba nene, wenzake wakaikaza kwenye mwembe wa upande wa pili. Umeme tulikuwa tumeomba ukatwe mapema, kwani waya ulipita karibu na kuti bichi hupitisha umeme. Hilo msilifanyie mzaha.

Zikashushwa nazi, yakafuata makuti, kisha shina lenyewe, vipande vifupi vifupi kutoka juu kuja chini. Upepo ulipozidi aliteremka akangoja. Sisi na watoto tulikuwa kwa jirani, mlango umetiwa komeo. Kuwaambia watoto "sogeeni huko" hakutoshi, wanarudi kuokota madafu.

Maharusi, gharama hii itieni kwenye hesabu, hata kama maua ya jukwaani yatapungua. Mama zenu wataona aibu kuitaja, basi itajeni nyinyi.

Moyo wa mnazi tuliukatia kachumbari, mtamu ajabu. Ile nazi ya mbegu Bibi ameipanda karibu na kisima, baada ya kuhesabu hatua 15 kutoka ukutani, na akarudi kuzihesabu tena.