Wasini: Rili Mpya na Kata Moja ya Maji

Ndugu msomaji, je, umewahi kufika Wasini? Wasini ni kisiwa kidogo kusini mwa pwani ya Kenya, katika Kaunti ya Kwale. Watu wake hutembea kwa miguu juu ya ardhi ya mawe ya matumbawe. Wengi wao ni wavuvi.

Kufika huko si kazi ngumu. Ukitoka Mombasa, vuka kivuko cha Likoni. Panda matatu inayofuata njia ya Lunga Lunga. Utapita Ukunda, kisha Msambweni, kisha mashamba ya miwa ya Ramisi. Mbele yake utaiacha barabara kuu na kushika mkono wa kushoto. Njia hiyo inaishia baharini, katika kijiji cha Shimoni. Hapo utapanda mashua na kuvuka mkondo mwembamba wa bahari. Ng'ambo ndiyo Wasini.

Shimoni imepata jina lake kwa sababu ya pango kubwa lililo karibu na pwani. Wazee husimulia kwamba zamani watumwa walifungwa humo kabla ya kupakiwa majahazini. Leo wanakijiji wenyewe huwaongoza wageni pangoni.

Lakini leo sitaki kueleza habari za pango. Nataka kueleza habari za chombo kidogo kinachoenea kiganjani. Chombo hicho kiliniuzisha mbuzi wawili.

KISIWA KISICHO NA MTO

Kwanza ujue jambo moja. Wasini haina mto wala chemchemi. Tangu zamani watu wake hukinga maji ya mvua na kuyaweka katika birika. Mvua ikichelewa, kila kata ya maji huhesabiwa. Maji ya kunywa kwanza, ya kupikia pili, mengine baadaye.

Mjomba wangu anakaa Wasini. Alifanya kazi ya ubaharia kwa miaka mingi katika mashua zinazowachukua wageni kwenda kuvua kwa mchezo. Wageni hao hufuata Mkondo wa Pemba, yaani bahari iliyo kati ya bara na kisiwa cha Pemba. Maji yake yana kina cha mamia ya mita. Humo mna nguru, jodari, kolekole na nduwaro.

Mgeni mmoja alipomaliza safari yake alimpa Mjomba fimbo ya kuvulia pamoja na rili yake. Rili ni mashine ndogo ya kukunjia mshipi. Ina kigurudumu kinachobeba uzi, na mkono wa kukizungusha. Mvuvi akirusha chambo, kigurudumu huzunguka na kutoa uzi. Akizungusha mkono, uzi hurudi. Tena ina breki. Samaki mkubwa akivuta, breki humwachia uzi kidogo kidogo mpaka achoke.

Mvuvi wa mshipi wa mkono humwachia samaki uzi kwa vidole vyake, na vidole hukatika. Kwa rili, Mjomba aliweza kusimama katika mashua na kurusha chambo mbali, ukingoni mwa mwamba, mahali ambapo kolekole huwinda. Samaki hao ndio waliolipa karo ya watoto wake.

KOSA LANGU

Mwaka mmoja, mwishoni mwa kaskazi, nilikwenda kumtembelea. Niliiazima rili kwa wiki moja. Mjomba alinipa sharti moja tu. Alisema, "Mwanangu, kila jioni ioshe kwa maji ya mvua."

Jioni ya kwanza nilimwona mke wa Mjomba akipima maji ya birika kwa kata. Mvua ilikuwa bado. Nilifikiri moyoni, "Maji haya ni ya watu. Nitaimwagiaje mashine?" Basi niliipangusa kwa kitambaa, nikaifunga katika gunia. Nilifanya hivyo siku zote. Nilijiona mtu mwenye huruma na maji.

Nilipoirudisha, mkono wake ulikuwa mzito kidogo. Sikusema neno. Kesho yake Mjomba alikwenda nayo baharini, nami nikiwamo. Kolekole mkubwa alishika ndoana na kukimbilia mwambani. Breki ilikuwa imeganda. Haikutoa uzi hata shibiri moja. Uzi ulikatika kama uzi wa buibui, na samaki akaenda zake.

Hapo nikakiri kosa langu. Mjomba hakunigombeza. Alikaa kimya kwa muda, kisha akasema, "Chumvi haina haraka, lakini haichoki." Maneno hayo yaliniuma kuliko matusi. Nilirudi nyumbani Msambweni, nikauza mbuzi wawili katika watano niliokuwa nao. Kisha mimi na Mjomba tukaenda Mombasa kutafuta rili nyingine.

FUNDI WA SAA

Hatukwenda dukani kwanza. Mjomba alinipeleka Mji wa Kale, karibu na Fort Jesus, kwa fundi wa saa anayemfahamu. Nilishangaa. Fundi wa saa na uvuvi, wapi na wapi?

Fundi alicheka. Alinieleza kwamba rili ni ndugu wa saa. Huko Kentucky, Marekani, mtu wa kwanza kusifika kwa kutengeneza rili za gia alikuwa fundi wa saa, George Snyder, mwanzoni mwa karne ya 19. Huko Svängsta, katika nchi ya Sweden, kiwanda kilichoanzishwa mwaka 1921 kutengeneza saa kiligeukia rili baadaye. Mwaka 1952 kilitoa rili iitwayo Ambassadeur, ambayo imejulikana na wavuvi duniani kote. Ndani ya rili, kama ndani ya saa, mna gia ndogo zenye meno. Punje moja ya mchanga au chumvi inatosha kuzisimamisha.

Kisha aliifungua rili yetu. Ndani mlikuwa na unga mweupe wa chumvi. Beringi zake, yaani vile vijipete vyenye gololi, zilikuwa na kutu. Mahali ambapo skurubu za chuma ziligusana na mwili wa alumini, alumini ilikuwa imeliwa na kuwa na mashimo.

Fundi alisema, "Madini mawili ya aina mbalimbali yakigusana ndani ya maji ya chumvi, moja hulila jingine. Hapa chuma kimesalimika na alumini imeliwa. Beringi ningeweza kubadili. Lakini mwili umekwisha, na vipuri vya rili hii havipatikani tena. Kanunueni nyingine. Ila chagueni ile ninayoweza kuifungua."

RILI TATU

Wazee husema, mchagua nazi hupata koroma. Lakini mwenye fedha za mbuzi wawili lazima achague. Dukani tuliwekewa rili tatu mezani.

Ya kwanza iling'aa kama dhahabu. Muuzaji alisema ina beringi 10, na ukizungusha mkono mara moja, kigurudumu kinazunguka zaidi ya mara 7. Mimi niliipenda papo hapo. Mjomba aliishika, akauliza, "Beringi hizi zimezibwa zisiingie maji?" Muuzaji alisema hajui. Mjomba akairudisha. Aliniambia, "Beringi 10 zisizozibwa ni mahali 10 pa kushika kutu. Na mwendo wa 7 hukunja uzi upesi, lakini samaki mzito akivuta, mkono wako ndio utakaochoka."

Ya pili ilikuwa kubwa na nzito. Ilibeba uzi mwingi sana. Hiyo ni nzuri kwa kurambaza, yaani kukokota chambo nyuma ya mashua inayokwenda. Lakini sisi hurusha chambo kwa mkono mara nyingi kwa siku. Rili nzito namna hiyo ingetuchosha kabla ya adhuhuri. Mjomba alisema, "Chombo kizuri kwa kazi ya mwingine si chombo kizuri kwako."

Ya tatu haikuwa na sura ya kupendeza. Rangi yake ilikuwa nyeusi. Mwili wake ulikuwa wa alumini iliyopakwa vizuri. Gia zake zilikuwa za shaba, na beringi zake chache zilikuwa za chuma kisichoshika kutu. Mkono ukizunguka mara moja, kigurudumu kilizunguka mara 5 na zaidi kidogo. Kilibeba zaidi ya mita 200 za uzi wetu. Tena upande wake mmoja ulifunguka kwa skurubu tatu tu.

Mjomba alifanya majaribio mawili. Kwanza aliuvuta uzi polepole huku breki imekazwa nusu. Uzi ulitoka kwa ulaini, bila kushtuka. Breki inayoshtuka hukata uzi. Pili alishika mkono wa rili na kuutikisa. Haukucheza. Kisha akauliza, "Vipuri vyake mnavyo?" Muuzaji alileta kijikasha chenye beringi na washa za breki. Hapo Mjomba akaniangalia, nami nikatoa fedha. Kwa zilizobaki tulinunua uzi, kopo dogo la grisi na kichupa cha mafuta ya mashine.

KUJIFUNZA UPYA

Tuliporudi Wasini hatukukimbilia baharini. Asubuhi, maji yalipotoka, tulikwenda ufukweni. Mjomba alifunga chubwi bila ndoana, akaniambia nirushe. Nilirusha kwa nguvu. Kigurudumu kilizunguka upesi kuliko uzi ulivyokwenda, na uzi wote ukafumana kama kiota cha ndege. Nilitumia nusu saa kuufumua.

Mjomba alisema, "Kidole gumba ndicho breki ya kwanza. Kiweke juu ya uzi polepole. Chubwi ikigusa maji, bana." Nilirudia mara nyingi mpaka kidole kikajua kazi yake.

Halafu tulipima breki. Uzi wetu hukatika ukivutwa kwa uzito wa kilo 9. Breki haifai kukazwa mpaka hapo. Kipimo kizuri ni robo au theluthi ya nguvu ya uzi. Tuliazima mizani ya ndoana kwa mnunuzi wa samaki, tukafunga uzi na kuvuta. Tulikaza breki mpaka uzi ukaanza kutoka mizani ilipoonyesha kilo 2 na nusu. Tukaiacha hapo.

Siku ya tatu tulitoka na mashua. Hatukwenda Kisite, maana hiyo ni hifadhi ya bahari na kuvua ni marufuku kabisa. Tulivua nje ya mipaka yake. Saa mbili nzima hatukupata kitu. Kisha kolekole alishika. Alikimbia mbio kuelekea mwambani kama yule wa kwanza. Moyo ulinidunda. Safari hii breki ilitoa uzi kwa sauti nyororo, mita baada ya mita. Samaki alipopumzika, Mjomba alikunja. Alipokimbia, Mjomba alimwachia. Mwisho tulimpandisha chomboni. Mizani ilisema kilo 6.

KATA MOJA

Jioni ile mke wa Mjomba alinipa kata moja ya maji ya birika. Hakusema kitu. Nami nilijua la kufanya, maana Mjomba alikuwa amenifundisha.

Kwanza nilikaza breki kidogo ili maji yasipenye ndani. Kisha nilimimina maji polepole juu ya rili na kuupitisha mkono kila upande. Rili haitumbukizwi ndani ya ndoo, wala haipigwi maji kwa nguvu, kwa sababu nguvu husukuma chumvi ndani. Chini niliweka beseni, na maji yaliyodondoka tulinawia miguu. Baada ya hapo niliipangusa kwa kitambaa kikavu, nikailegeza breki kabisa, na kuiweka kivulini penye upepo. Kila baada ya siku chache hutiwa tone moja la mafuta kwenye beringi. Grisi hupakwa kwenye gia mara chache tu, rili inapofunguliwa. Mafuta ya mashine yasiguse washa za breki, yatazifanya ziteleze.

Ndugu msomaji, pengine wewe huvui baharini. Pengine una baiskeli, pampu ya kunyunyizia dawa, au cherehani. Siku utakapotaka kununua nyingine mahali pa ile iliyokufa, usianze na mng'aro wala bei. Jiulize: Ile ya kwanza ilikufa kwa nini? Hii mpya inafaa kazi yangu? Inafunguka? Vipuri viko? Na je, niko tayari kuitunza?

Mimi nilihurumia kata moja ya maji, nikalipa mbuzi wawili. Rili nyeusi ingali Wasini, na inafanya kazi. Ukifika huko jioni, wakati mashua zinaporudi, utamkuta Mjomba ameketi barazani na beseni miguuni pake. Msalimie. Lakini usiiguse rili yake kama huna kata ya maji mkononi.