Mwana Hiti na Moyo wa Mwali

Watu wengi hudhani kuwa sanaa hutoka moyoni ikaenda mkononi: msanii huona huzuni au furaha kwanza, kisha huitia katika kazi yake. Kwa Waluguru, wenyeji wa milima ya Uluguru iliyo juu ya mji wa Morogoro, iko kazi ionyeshayo kwamba mkono nao waweza kuutangulia moyo.

Kazi hiyo ni mwana hiti, sanamu ijulikanayo pia kwa Wazaramo na Wakwere. Mchongaji huchonga shina la mviringo, lisilo na mikono wala miguu, lenye matiti na kitovu, na kichwa chenye vishungi viwili vya nywele. Urefu wake aghalabu hauzidi shibiri. Pengine hutumika kibuyu badala ya mti. Lakini mchongaji akimaliza, kazi imefika nusu tu. Kwa desturi, sanamu hupewa mwali aliyewekwa ndani baada ya kuvunja ungo. Yeye huiosha, huipaka mafuta, huipamba kwa shanga, na kuilea kama mtoto.

Si lazima mwali aingie ndani na mapenzi ya mama yaliyokwisha komaa. Yamkini huingia na hofu na upweke. Hata hivyo, apakapo mafuta hujizoeza upole, na atungapo shanga hujizoeza subira. Methali yasema mtoto umleavyo ndivyo akuavyo; hapa mlezi ndiye akuaye. Kwa Waluguru, ambao mtoto kwao ni wa lukolo, yaani ukoo wa mama, mazoezi haya si mchezo.

Walakini mkono uwezao kuufunza moyo upole waweza pia kuufunza kunyamaza. Zamani mwali aliweza kukaa ndani miezi mingi. Shule imezifupisha siku hizo, na wazazi wengi hawazililii.

Leo sanamu nyingi za namna hii zimo katika makumbusho ya Ulaya na Marekani. Watazamaji husifu umbo, na sifa hiyo ni haki ya mchongaji. Lakini weusi na mng'aro wa mti mkongwe havikuchongwa. Viliachwa na mafuta na vidole vya wasichana ambao majina yao hayakuandikwa, nao walipokuwa wakiing'arisha sanamu, nyoyo zao zilikuwa zikifinyangwa.