Maji ya Bwawa Letu na Kosa Letu Sisi Wakubwa



Wengi wenu mlisikia habari ya samaki waliokufa katika bwawa la masomo mwezi wa pili. Mlisikia nusu tu. Leo sisi makapita wa mwaka wa sita tunaandika ile nusu ingine, kabla hatujaenda kufanya mtihani wa Serikali.

Bwawa lile tulilichimba wenyewe kwa majembe na mabeleshi, chini ya shamba la mihogo, pale mfereji unapoleta maji ya mto Luberizi. Tukatia vitoto vya tilapia. Tulitaka wanenepe mbio kwa karamu ya mwisho wa mwaka. Basi tukatupa mapumba ya mchele, ndoo mbili asubuhi, ndoo mbili jioni, na samadi ya ng'ombe juu yake. Mvua ilipokatika tukafunga mfereji, sababu wenye mashamba ya mpunga walihitaji maji. Bwawa likawa kijani kama sombe. Sisi tukafurahi, tukifikiri kijani chote ni chakula. Na kila mgeni akija tulikokota wavu ndani, ili aone samaki wakiruka.

Asubuhi moja, kengele ya maombi haijalia bado, tukakuta samaki wako juu, vinywa wazi, wanatafuta hewa. Jua lilipopanda tulihesabu 137 wameelea tumbo juu.

Hatukuuliza maji. Tulitafuta mtu. Jana yake jioni, mwanafunzi mmoja mdogo, aliyefika shuleni mwezi wa tisa, alionekana kando ya bwawa na kibidoni mkononi. Tukasema: huyu ametia dawa. Tukamkatisha majani siku tatu, na wenzake wakamwita "Sumu". Alilia, akisema alikuja kuteka maji ya kumwagilia maua ya darasa. Hatukumsadiki.

Siku ya nne mwalimu wa biolojia alitupeleka bwawani. Akamwambia mmoja wetu azamishe mkono. Maji hayajafika kwenye kiwiko, vidole vimekwisha kupotea. Mwalimu akasema polepole, "Ni ninyi mliowaua."

Alitueleza hivi. Ule ukijani ni vimea vidogo sana. Mchana, kwa mwanga wa jua, vinatoa oksijeni. Usiku navyo vinaivuta, pamoja na samaki na samadi inayooza. Kwa hiyo hewa inapungua kabisa karibu na mapambazuko. Tena maji ya moto hayabebi hewa nyingi. Kwenye usawa wa bahari, lita moja ya maji ya digri 20 inaweza kubeba miligramu 9 hivi za oksijeni. Ya digri 30, miligramu 7 na nusu hivi. Chakula kilichobaki na mavi ya samaki vinatoa amonia, nayo inachoma matamvua wanayopumulia. Juu ya hayo kuna hofu. Samaki anayekimbizwa na wavu anatumia hewa nyingi zaidi, anaacha kula, na ugonjwa unamshika upesi. Tilapia jike anabeba mayai kinywani. Akitishwa anaweza kuyatema ao kuyameza.

Akatuambia pia juu ya diskusi, samaki wa mviringo wa mto Amazoni, ambaye watu wa Ulaya na kwingine wanamfuga ndani ya masanduku ya vioo. Ni ndugu wa mbali wa tilapia na wa samaki wengi wa Tanganyika yetu. Diskusi anapenda maji laini, yenye uchachu kidogo, ya digri 28 hadi 30. Maji ya Tanganyika ni magumu, na pH yake iko karibu na 9. Hawawezi kubadilishana nyumba, lakini sheria yao ni moja. Maji yakichafuka, ao akiogopeshwa, diskusi anageuka mweusi, anajificha pembeni, anakataa kula. Mchungaji mzuri hakimbilii dawa. Anapima maji kwanza, na anabadilisha sehemu yake mara kwa mara.

Tangu siku ile tunatupa tu chakula kinachomalizika kwa dakika chache. Samadi tumesimamisha mpaka vidole vionekane hata kiwiko kikilowa. Usiku tunafungua mfereji kidogo, kwa mapatano na wenye mpunga. Wavu unaingia siku ya kuvua tu, na kila alfajiri mmoja wetu anaenda kutazama. Samaki waliobaki wamekwisha kuzaa.

Lakini yule mwenzetu mdogo hapiti tena njia ya bwawa. Anazunguka nyuma ya kanisa. Akituona anainamisha kichwa, na wa darasa lake wanasema haulizi tena maswali. Tulimwomba msamaha pembeni, akajibu, "Hakuna neno, bakubwa." Tunajua neno liko. Tulimshitaki mbele ya wote, basi mbele ya wote tunasema: hakutia kitu ndani ya maji. Kosa lilikuwa letu, naye tunamwomba msamaha hapa.

Ninyi mtakaopokea kazi yetu mwaka ujao: samaki wakipanda juu, tieni kwanza mkono ndani ya maji, kabla ya kumnyoshea mtu kidole. Na lile jina baya, tafadhali, lisitajwe tena katika shule yetu.