Kanisa Lisilo na Makaburi

Mpresibiteri akifia Mombasa, mara nyingi hazikwi Mombasa. Ibada hufanywa, nyimbo huimbwa, jeneza hupandishwa garini, na safari ya bara huanza usiku. Kukicha yuko Nyeri au Murang'a, kwenye udongo wa baba zake. Kisiwani tunabaki na nafasi aliyokuwa akikaa.

Hapa Liwatoni meli hupita karibu na makazi ya watu. Hata daraja lililojengwa mwaka 2020, enzi za korona, lilikuwa la kuelea, likifunguka katikati kuzipisha. Hakuna kilichopigiliwa chini. Basi mtu aliyezeekea mbele ya maji haya, akalea watoto, akastaafu bandarini, akawekewa mikono kuwa mzee wa kanisa, kwao ni wapi? Ni kule alikojifunza kutembea, au huku miguu yake ilikochokea?

Njia anayorudi nayo marehemu ndiyo iliyopandisha imani yake bara. Mwaka 1891 msafara wa wamishenari, Dkt. James Stewart akiuongoza, ulitoka pwani hii kwenda Kibwezi. Malaria ikawapukutisha. Mwaka 1898 mmishenari Thomas Watson akaihamishia misheni Kikuyu. 1900 naye akafariki. Gari la maiti hupita Kibwezi gizani, halisimami. Wale waliolala ugenini, nani aliwarudisha kwao?

Majirani zetu Waislamu wakifiwa husoma hitima. Wakatoliki humwombea marehemu misa. Sisi tumefundishwa kwamba aliyekufa yu mikononi mwa Mungu, na dua zetu hazimwongezei kitu. Mahubiri ya mazishi ni ya walio hai. Ni fundisho lenye heshima yake. Lakini mapenzi yaliyozoea kumtaja mtu katika sala kila jioni, jioni ya kwanza baada ya maziko yaende wapi? Ulimi hulianza jina, ukakumbuka, ukasita.

Nimekiona kitabu cha washirika siku jina la mzee mmoja aliyefariki lilipofikiwa. Karani hakulikata. Aliandika tarehe pembeni, kwa mwandiko uleule aliouandikia ubatizo wa wajukuu wa marehemu, akapuliza wino, akafunua ukurasa wa pili. Jumapili ile familia alizokuwa akizitembelea mzee yule zilikabidhiwa mwenzake, na matangazo yakaendelea na habari za mchango wa mabati. Ule ulikuwa ukatili, au ilikuwa rehema iliyovaa nguo za kazi?

Wenye makaburi karibu huliachia jiwe sehemu ya kazi ya kukumbuka. Sisi tumwachie nani? Labda ndiyo sababu lazima mtu aimbe besi aliyoiacha marehemu, ijapo haimudu. Mtu apige hodi kwenye mlango uliozoea hodi nyingine.

Mjane hufungua. Huona uso usio ule, nasi hujua kwamba ameuona. Hutukaribisha, humimina chai, na mazungumzo humzunguka marehemu kwa mbali mpaka mwenyewe aamue kuyafikisha kwake. Tunachompa ni masikio tu. Kama yanatosha, sijui. Najua kwamba dua ya kumwombea hatuna, kaburi liko safari ya usiku kucha, na wiki ijayo itabidi mtu aende tena.