Mwamba Hubaki

Sisi wa Songwa tunaishi jirani na Mwadui, kwa hiyo habari za kuchimba hatukuzisoma kitabuni. Mwaka 1940 mjiolojia kutoka Kanada, Dakta John Williamson, aliugundua hapo mwamba wenye almasi. Wachungaji wetu walikuwa wamepitisha ng'ombe juu yake vizazi na vizazi. Hawakuwa vipofu, ila hawakufundishwa kuusoma mwamba. Almasi zikaanza kutoka, na almasi ikishatoka haioti tena.

Nayakumbuka hayo kwa sababu ya gesi. Gesi ya kwanza nchini iligunduliwa Songo Songo, Mkoa wa Lindi, mwaka 1974. Ilipita miaka 30 hata ikafika Dar es Salaam kwa bomba, mwaka 2004, na kuzalisha umeme pale Ubungo. Kuanzia mwaka 2010 ikagunduliwa nyingine katika bahari ya kina kirefu, na hazina yote ya nchi ikakadiriwa kufikia futi za ujazo trilioni 57. Umeme wa gesi huingia katika gridi ya Taifa, nasi wa bara tunaitumia gridi hiyo hiyo. Basi msomaji asishangae mwalimu mstaafu wa Usukumani kuyasemea mambo ya chini ya bahari.

Mjukuu wangu alipomaliza kidato cha sita alitaka kusomea jiolojia ya mafuta na gesi. Baba yake akakataa.

"Baba," aliniambia, "gesi ni kama almasi, itakwisha. Dunia inakimbilia jua na upepo. Nimlipie mtoto ada ajifunze kitu kinachokufa? Asome uhasibu."

Hoja ile haikuwa ya kijinga, na fedha zilikuwa zake, tena za pamba ya misimu miwili.

Nilimjibu kwa mfano wa mto. Watu wengi hudhani gesi imejaa ndani ya pango. Sivyo. Wakati wa kiangazi sisi hufukua mchanga wa mto uliokauka, tukapata maji yaliyojificha kati ya chembe na chembe. Gesi nayo hukaa hivyo, katika vitundu vya mchanga uliogeuka jiwe, na juu yake umelala mwamba wa udongo usiopitisha kitu, kama kifuniko cha chungu. Gesi ikitolewa, vitundu hubaki. Kuanzia mwaka 1985 Waingereza waliligeuza eneo la Rough, chini ya Bahari ya Kaskazini, kuwa ghala: gesi ilikuwa ikiingizwa wakati wa joto na kutolewa wakati wa baridi. Huko Sleipner, chini ya bahari hiyo hiyo, Wanorwe walianza mwaka 1996 kuishindilia hewa ya ukaa katika mwamba wa mchanga wenye maji ya chumvi, isipande angani.

Sisemi kila mwamba unafaa kuchezewa. Groningen, Uholanzi, gesi ilichimbwa nchi kavu tangu mwaka 1963. Ardhi ikadidimia na kutetemeka, nyumba zikapata nyufa, na mwaka 2024 uchimbaji ukapigwa marufuku kwa sheria. Kabla ya kuhifadhi chochote chini ya Songo Songo au Mnazi Bay, lazima mtu apime kama kifuniko ni kizima, kama visima vya zamani vimezibwa sawasawa, na kikivuja kitu wavuvi na matumbawe watapatwa na nini. Kazi hiyo haifi gesi inapokwisha. Nami nisingependa tuwe tena wachungaji wa kupita juu tu.

Mwanangu alinyamaza, kisha akauliza swali la mzazi: nani atamwajiri? Nikamtajia TPDC na Taasisi ya Jiolojia kule Dodoma. Sikumwahidi ajira, maana wahitimu walioketi nyumbani nawaona kila siku. Ada ya mwaka wa kwanza aliilipa. Ya mwaka wa pili tumegawana, nusu pamba, nusu pensheni yangu.