Mbwa anayeogopa honi za barabarani

Wamama wenzetu, wiki hii tunaomba tuzungumze habari ya mbwa. Tunajua kuna atakayesema: watoto wenyewe hawajashiba, mnawezaje kukaa kujadili mbwa? Lakini sisi tunaoishi kando ya Barabara ya Taifa namba 5 tumeona kwamba mbwa akishtuka, anayeumia mara nyingi ni mtoto.

Barabara hii inatoka Bukavu, inapita Kamanyola, Luvungi na Sange, inakata mji wetu wa Uvira, halafu inafuata ziwa kuelekea Baraka. Mji umebanwa kati ya milima na maji, kwa hiyo magari yote yanapita mlangoni petu. Kamio zinapiga honi, pikipiki zinajibu, na Jumamosi misafara ya arusi inapita ikilia kuanzia gari la kwanza hadi la mwisho. Lakini kinachomtesa zaidi Bobi, mbwa wa pale tunapokutania, ni ile "pii, pii, pii" ya kamio inayorudi nyuma ili ishushe mizigo. Honi inalia na kupita. Ile haiishi.

Masikio yake si kama yetu. Mtu husikia sauti hadi kufikia hezi 20,000 hivi, mbwa hufika karibu 45,000. Tena hawezi kuelezwa kwamba ni gari tu. Kabla ya kubweka au kuuma huwa anasema kwa mwili: mkia unaingia katikati ya miguu, masikio yanalala nyuma, anahema bila kukimbia, anapiga miayo bila usingizi, anajilamba midomo. Watoto wafundishwe dalili hizo. Wakimwona hivyo wasimguse, wasimfuate alikojificha.

Mtaani dawa inayojulikana ni fimbo. Fimbo inamfundisha mbwa kwamba honi ikilia, maumivu yanafuata, basi hofu inakua. Kumfunga kamba karibu na barabara ni kubaya vilevile, maana asiyeweza kukimbia anabaki na meno tu. Kumtuliza kwa sauti ya upole hakumharibu, hata kama baba wa nyumba atacheka.

Kwanza tulimpa Bobi pa kujificha: sanduku la mbao nyuma ya jiko, mbali na barabara, limefunikwa kitenge cha zamani. Kisha mmoja wetu alirekodi ile "pii, pii" kwa simu. Tunaicheza chini sana, mtu anaisikia kwa shida, na mara tu baada ya mlio tunampa kichwa cha ndagala. Mlio kwanza, ndagala baadaye, si kinyume. Dakika tano kwa siku zinatosha. Tunapandisha sauti kidogo kidogo, kwa wiki nyingi. Akikataa ndagala, ujue sauti imezidi; tunarudi chini bila kugombana naye. (Mbwa wa Uvira anayekataa ndagala kweli ana hofu!) Ndivyo Ivan Pavlov wa Urusi alivyoonyesha zamani: mbwa huunganisha sauti na kile kinachoifuata.

Siku ya arusi hatumfundishi. Anakula mapema na kufungiwa ndani kabla misafara haijaanza.

Na mbwa akimuuma mtoto, hata kidogo? Hapa hatutanii. Osheni jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha mpelekeni mtoto kituo cha afya siku hiyohiyo, mkaulizie chanjo ya kichaa cha mbwa. Msipake majani wala kusubiri. Ugonjwa huo ukishaonyesha dalili karibu kila mara huua, lakini chanjo ikitolewa mapema huokoa. Mbwa mwenyewe achanjwe pia. Gharama yake wamama wanaweza kuichangia pamoja, kama tunavyochangia mambo mengine.

Wanasema mbwa wa asili wa Kongo, Basenji, anajulikana duniani kwa kutobweka. Bobi hakurithi hilo. Ila siku hizi kamio ikirudi nyuma anatoka kwenye sanduku lake na kuja kututazama mikono, akitafuta ndagala. King'ora cha gari la wagonjwa bado kinamtetemesha. Hicho ndicho tunachoanza kurekodi wiki ijayo.